Picha Moja, Ramani Moja: Namna ya Kufuatilia kwa Setilaiti Mikoko ya Mpaka wa Kenya na Tanzania

Mto Umba huanzia katika Milima ya Usambara nchini Tanzania, hupita katika nyika inayoitwa kwa jina lake, kisha huvuka mpaka na kumwaga maji yake baharini karibu na Vanga, katika Kaunti ya Kwale nchini Kenya. Kwa hiyo udongo unaomomonyoka katika mashamba ya Lushoto waweza kuishia kwenye mizizi ya mikoko ya upande wa pili, na mkata boriti anayefukuzwa Vanga huhitaji mtumbwi na maji kujaa tu ili aendelee na kazi yake Jasini, upande wa Tanzania. Msitu ni mmoja. Ramani zake ni mbili, na mara nyingi hazipatani.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya maofisa wa misitu na mazingira, watafiti, wanafunzi na viongozi wa vikundi vya ufukweni wa pande zote mbili wanaotaka kuufuatilia msitu huo kwa pamoja. Hatua nyingi zilizomo zinaweza kutumiwa pia kwa magugu maji ya Ziwa Victoria au kwa malisho ya Longido na Kajiado, lakini nimeona ni afadhali kueleza mahali pamoja kwa undani kuliko kupapasa kila pahali. Hoja ninayoishikilia ni kwamba picha hazitugawi: setilaiti inayopita juu ya Vanga huipiga Jasini katika picha ileile, na picha hiyo hutolewa bure kwa kila aitakaye. Kinachotugawa ni mambo madogo ya kiufundi na ya kiofisi ambayo hakuna anayeyataja mkutanoni, na ambayo ni lazima yaafikiwe kabla ya mtu yeyote kuwasha kompyuta.

Anzeni na watu wanne

Ushirikiano wa kikanda katika mambo haya haukuanza jana. Kituo cha kikanda cha ramani na rasilimali kinachojulikana kwa wengi kama RCMRD kiko Nairobi tangu mwaka 1975, na Kenya na Tanzania zote ni wanachama wake. Mkataba wa Nairobi wa kulinda bahari na pwani ulitiwa saini mwaka 1985, na chini ya mwavuli wake nchi hizi mbili zimekuwa zikizungumzia eneo la hifadhi ya bahari la pamoja hapahapa mpakani. Vitumieni vyombo hivyo kwa mafunzo, kwa barua za utambulisho na kwa kuzifikia wizara, lakini msivisubiri viwafanyie kazi. Ramani ya pamoja huchorwa na watu wanne wanaoweza kupigiana simu bila kupitia kwa katibu wa mtu: mtaalamu mmoja wa picha na mmoja wa misitu kutoka kila upande.

Upande wa Tanzania mlango wa kubisha ni Wakala wa Huduma za Misitu, yaani TFS, na upande wa Kenya ni KFS, shirika la misitu la taifa. Kwa sayansi kuna KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi nchini Kenya, Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam iliyoko Zanzibar, na Kituo cha Taifa cha Kuratibu Kaboni kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Msiwasahau BMU, yaani vikundi vya kusimamia fukwe, wa pande zote mbili, wala jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu ambazo tayari zina mradi wa kuuza kaboni ya mikoko yao. Jamii hizo zina sababu ya kutaka hesabu sahihi kuliko ofisi yoyote, kwa kuwa hekta iliyokosewa huko ni fedha za maji na madawati.

Watu wanne hao wakishapatikana, andikeni hati ya makubaliano isiyozidi kurasa mbili. Hati ndefu hukaa kwa wanasheria hadi msimu wa kazi upite. Ieleze nani ataweka nakala kuu ya data na nani ataweka nakala ya pili, kila tabaka la ramani litatolewa kwa leseni gani, na ni nani mwenye ruhusa ya kutangaza takwimu. Kifungu ninachokisisitiza kuliko vyote ni kwamba hakuna upande utakaotangaza hekta za upande mwingine kabla ya upande huo kuzipitia kwa muda uliotajwa, tuseme siku 14, na kwamba takwimu zikitofautiana, zote mbili zitachapishwa pamoja na sababu ya tofauti. Bila kifungu hicho, gazeti moja likiandika kwamba nchi fulani "imepoteza" mikoko, kazi ya miaka miwili huvunjika kwa asubuhi moja. Ongezeni pia kwamba majina ya watu wanaokutwa wakikata miti hayataingia katika fomu za ramani. Kenya ina sheria ya kulinda taarifa binafsi ya mwaka 2019 na Tanzania ina yake ya mwaka 2022, lakini hata kama zisingekuwapo, wanakijiji wakishahisi kwamba ramani ni mtego wa polisi, hakuna atakayewaonyesha njia ya kuingilia mikokoni.

Mita mia tatu zinazopotea

Katika kikao kimoja cha kuunganisha ramani nilichohudhuria, tabaka la mikoko lililoletwa na ofisi moja liliwekwa juu ya picha ya setilaiti mbele ya wageni, na mikoko yote ikaonekana imehama baharini na kuota katikati ya minazi na mapaa ya nyumba. Mtu mmoja alianza kueleza kwa kujiamini kwamba bahari imepanda. Bahari haikuwa na habari. Ramani ile ilichorwa kutoka kwenye ramani za zamani za serikali zilizotumia mfumo rejea, yaani msingi wa kuhesabia mahali, wa Arc 1960, nayo ilikuwa ikisomwa na kompyuta kana kwamba iko katika mfumo wa WGS84 ambao hutumiwa na setilaiti na simu zetu. Katika pwani hii, kosa hilo husogeza kila kitu karibu mita 300 kuelekea kaskazini. Kwa shamba la mkonge mita hizo huenda zisionekane, lakini ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 50 huwa umehama kabisa nyumbani kwake.

Kwa hiyo kubalianeni mapema kwamba data zote za pamoja zitahifadhiwa katika WGS84, na kwamba hesabu za eneo zitafanywa katika gridi ya UTM, kanda ya 37 Kusini, ambayo bahati nzuri inafunika Vanga, Mkinga na Tanga bila kukatika. Katika programu ya ramani ya QGIS mfumo huo hupatikana kwa kuandika namba 32737, na ule wa zamani, Arc 1960 katika kanda hiyohiyo, ni 21037. Tabaka la zamani halibadilishwi kwa kuliandikia tu jina jipya, jambo ambalo ndilo chanzo cha balaa lenyewe. Hubadilishwa kwa amri ya kulihamisha kutoka mfumo mmoja hadi mwingine, kisha hukaguliwa kwa kitu kisichohama, kama vile gati la zamani, msikiti au njia panda ya barabara ya Lunga Lunga. Mifumo mipya ya kitaifa, TAREF11 ya Tanzania na KENREF ya Kenya, haitawasumbua katika kazi hii, kwa kuwa tofauti yake na WGS84 ni ndogo mno ikilinganishwa na pikseli, yaani kijiraba kimoja cha picha, ya mita 10.

Kuna kosa jingine dogo linalochekesha mpaka limpate mtu mwenyewe. Vanga iko karibu nyuzi 4.66 kusini ya ikweta, na katika kompyuta kusini huandikwa kwa alama ya kutoa. Mtu akiisahau alama hiyo, kituo chake cha Vanga hutua Ethiopia, kaskazini ya Moyale.

Mti mmoja, majina mawili

Ufunguo wa ramani ndio mkataba halisi. Upande mmoja ukiita "mikoko" kila kijani kilicho ndani ya mstari wa maji, na upande mwingine ukatoa majangwa ya chumvi, mashamba ya chumvi na vijito vyote, hekta zenu haziwezi kulinganishwa hata kama picha ni ileile. Andikeni kwa maneno kila daraja linamaanisha nini, likiwamo daraja la msitu uliofifia, na wekeni picha moja ya ardhini kwa kila daraja ili asiyekuwapo kikaoni aelewe.

Majina ya miti yanahitaji kikao chake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi ya matao, hauna shida sana, wala mchu, mkandaa, mkomafi au mlilana. Lakini kuna mti ambao Kenya huitwa muia na Tanzania huitwa msinzi, na fomu zikija na majina yote mawili kompyuta huhesabu miti miwili. Dawa yake ni jedwali dogo lenye safu tatu, yaani jina la Kenya, jina la Tanzania na jina la kisayansi, ambalo kwa mti huo ni Bruguiera gymnorrhiza. Mkusanyaji achague jina analolijua yeye, nayo fomu ihifadhi la kisayansi. Sioni sababu ya kumlazimisha mzee wa Jasini aseme muia.

Chagueni picha kwa bamvua

Hapa ndipo wataalamu wengi, hata wenye shahada kubwa, hukosea kwa sababu walifundishwa kwa picha za misitu ya bara. Sentinel-2, setilaiti za Umoja wa Ulaya, hupita juu ya pwani hii kati ya saa nne na nusu na saa tano asubuhi siku zote, kwa sababu njia yake imepangwa kufuata jua. Bahari ina mwezi wake. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, bahari hujaa karibu saa kumi alfajiri na tena saa kumi jioni, na hupwa kabisa karibu saa nne na nusu asubuhi. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka, na saa ileile ya setilaiti hukuta maji yamejaa, ingawa si kujaa kwa bamvua. Matokeo yake ni kwamba picha iliyopigwa karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu huonyesha tope tupu na miti yote hadi ukingo wa mwisho, ilhali picha ya nusu ya mwezi huonyesha maji yaliyoimeza mililana michanga iliyoko mbele kabisa baharini.

Sasa fikirini ofisi moja imetumia picha ya bamvua ya mwaka 2018 na nyingine imetumia picha ya maji mafu ya mwaka 2024. Tofauti itaonekana kama ukataji mkubwa wa miti ukingoni mwa bahari, na ripoti itaandikwa, na mtu atalaumiwa, ilhali hakuna hata fito moja iliyokatwa. Kwa hiyo wekeni kanuni kwamba picha zitakazotumika ni zile tu zilizopigwa ndani ya siku chache za bamvua, yaani tangu siku ya mwezi mwandamo au mwezi mpevu hadi siku ya tatu au ya nne baada yake. Setilaiti hizi zikishirikiana hurudi mahali palepale kila baada ya siku 5, hivyo katika picha sita za mwezi mmoja ni kama mbili tu zitakazofaa, na mawingu nayo yana fungu lake. Msikate tamaa kwa uchache huo. Picha mbili safi za bamvua zina faida kuliko picha kumi zilizochanganywa.

Kalenda ya bamvua msiitafute mbali. Nahodha yeyote anayehesabu mwezi anaijua, na nimeona mvuvi akizipitia tarehe 20 za picha zilizochapishwa kwenye karatasi, akazichuja kwa dakika tano na kuzikata kwa kalamu zile za maji mafu. Tulipozilinganisha na majedwali ya bandari, hakukosea hata moja.

Kuhusu msimu, tumieni Januari na Februari, wakati wa kaskazi, ambapo anga la pwani huwa na nafasi nzuri ya kuwa safi na majani ya vichakani nchi kavu yamekauka, hivyo kijani cha mikoko hujitenga chenyewe. Masika msiyajaribu. Anayelazimika kufuatilia wakati wa mawingu na atumie Sentinel-1, ambayo ni rada na hupenya mawingu, lakini kwa kutenganisha aina za miti rada hiyo haitamsaidia sana.

Kompyutani

Picha hupatikana bure katika tovuti ya Copernicus ya Umoja wa Ulaya, katika Google Earth Engine kwa kazi zisizo za biashara, na katika Digital Earth Africa. Mwenye intaneti hafifu asipakue vipande vizima. Kipande kimoja cha Sentinel-2 hufunika kilomita 110 kwa 110 na kinaweza kukaribia gigabaiti moja, ilhali eneo lenu ni ukanda mwembamba wa pwani. Kateni eneo mtandaoni kwanza, kisha pakueni kilichobaki. Programu ya QGIS haina malipo na inatosha kwa kila hatua iliyobaki.

Pande zote zitumie daraja moja la picha, lile lililokwisha kuondolewa athari za hewa, linaloitwa L2A. Kisha muwe macho na tarehe 25 Januari 2022. Kuanzia siku hiyo waandaaji wa Sentinel-2 waliongeza 1000 kwenye thamani ya kila pikseli, na asiyeitoa hupotoka. Chukueni pikseli ya mkoko wenye afya ambayo mkanda wa 8, ule wa mwanga usioonekana kwa macho, unasoma 3000, na mkanda wa 4, ule mwekundu, unasoma 400. Kielezo cha ukijani, NDVI, hupatikana kwa kutoa nyekundu kutoka ya kwanza na kugawanya kwa jumla yake: 2600 kwa 3400, yaani 0.76. Pikseli hiyohiyo baada ya tarehe ile, bila kutoa ile 1000, husoma 4000 na 1400, na jibu ni 2600 kwa 5400, yaani 0.48. Msitu ule ule, siku ile ile ya afya yake, umeonekana mgonjwa kwa sababu ya hesabu. Katika Earth Engine kuna mkusanyiko uliokwisha kusawazishwa, ambao una neno HARMONIZED katika jina lake. Andikeni katika hati yenu kwamba huo ndio utakaotumika.

NDVI peke yake haitoshi kutenganisha mikoko na minazi au miembe. Ongezeni mkanda wa 11, ambao hushuka palipo na unyevu mwingi. Mikoko husimama katika tope, hivyo huonekana myeusi zaidi katika mkanda huo kuliko mti wa nchi kavu wenye ukijani uleule. Ongezeni pia tabaka la mwinuko wa ardhi, na fungieni nje kila kilicho juu kuliko maji yanavyoweza kufika. Ukaguzi wa kwanza unaweza kufanywa kwa kulinganisha na ramani ya dunia ya Global Mangrove Watch, ambayo matoleo yake yanarudi nyuma hadi mwaka 1996, ilimradi isichukuliwe kuwa ndiyo haki. Ukanda mwembamba wa mikoko huipita bila kuonekana.

Kwa historia ndefu kuna Landsat, setilaiti za Marekani, ambayo picha zake ni bure tangu mwaka 2008 na pikseli yake ni mita 30. Msilinganishe moja kwa moja ramani ya mita 30 na ya mita 10. Ushahidi wa zamani una thamani yake lakini: mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilishusha tope lililoua mikoko katika hori la Mwache, Mombasa, na kumbukumbu hiyo huwafundisha wasoma picha kwamba si kila pengo ni kazi ya shoka. Katika mdomo wa Umba swali la tope lazima liulizwe kabla ya swali la wezi wa boriti.

Uwandani

Setilaiti haimwoni mtu anayechagua. Anayekata boriti moja hapa na pau mbili pale huuacha mwavuli wa majani ukiwa mzima, na pikseli ya mita 10 hubaki kijani mwaka baada ya mwaka huku msitu ukiishiwa na miti minyofu. Ndiyo maana fomu ya uwandani lazima ihesabu visiki, kwa unene wake, katika kiwanja cha mita 10 kwa 10. Miti iliyosimama hupimwa unene wake kwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini, isipokuwa mkoko wenye mizizi ya matao, ambao hupimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Pande mbili zikipima tofauti mahali hapo pamoja, hesabu za kaboni haziwezi kujumlishwa.

Fomu iwe moja, kwa Kiswahili, katika KoboToolbox, ambayo hufanya kazi bila mtandao na kutuma data mtu akifika penye mnara. Viwianishi, yaani namba za mahali, na saa viandikwe na simu yenyewe. Nasisitiza saa, kwa sababu mkusanyaji akiulizwa alifika lini atajibu saa nne, na mwingine aliyesimama naye ataandika 10:00, na wote wawili watakuwa wamesema kweli. Kwa kuwa simu chini ya majani hukosea mita kadhaa, kituo kiwekwe katikati ya kipande kisichobadilika cha angalau mita 30 kila upande. Kituo kilichowekwa mpakani mwa mchu na tope hakimfai yeyote.

Vituo vya upande wa Kenya vitembelewe na timu yenye Mtanzania angalau mmoja, na vya Tanzania vivyo hivyo. Hili lina gharama, na afisa wa fedha atalipinga. Litetewe. Timu zilizopima visiki pamoja kwenye tope la magoti hazigombani baadaye juu ya takwimu.

Ndege zisizo na rubani ziachwe kwa mwaka wa pili. Kila nchi ina mamlaka yake ya usafiri wa anga na vibali vyake, Tanzania huhusisha pia vyombo vya ulinzi, na kifaa kilichoruhusiwa Vanga hakiruhusiwi Jasini kwa sababu hiyo tu.

Hekta msizihesabu kwa pikseli

Kosa la mwisho ndilo linaloingia katika ripoti nyingi. Ramani ikiisha, mtu hujumlisha pikseli na kutangaza hekta. Ramani yoyote hukosea, na makosa yake hayalingani pande zote, hivyo jumla ya pikseli si makadirio ya haki. Njia iliyo sahihi ni kuchagua vituo kwa bahati nasibu ndani ya kila daraja, kuvikagua kimoja kimoja kwa picha kali, yaani yenye pikseli ndogo zaidi, au kwa miguu, kisha kuirekebisha hesabu.

Nitatoa mfano wa namba za kubuni. Ramani inasema mikoko iliyobaki ni hekta 3900 na iliyopotea ni hekta 100. Mmekagua vituo 50 katika eneo la "iliyopotea" na kukuta 40 ndivyo vyenye upotevu wa kweli, yaani asilimia 80. Mmekagua vituo 100 katika eneo la "iliyobaki" na kukuta viwili ambavyo kumbe vimekatwa, yaani asilimia 2. Makadirio ya upotevu ni 100 mara 0.8, ambayo ni 80, kujumlisha 3900 mara 0.02, ambayo ni 78. Jumla ni hekta 158, si 100. Vituo viwili tu vilivyofichama katika daraja kubwa vimeongeza karibu nusu ya hesabu yote.

Lakini ngojeni kidogo. Ukikokotoa shaka ya makadirio hayo kwa kiwango cha asilimia 95, unapata kama hekta 108 juu au chini, maana yake upotevu unaweza kuwa hekta 50 au 266, na kwa ripoti hiyo huwezi kumwambia waziri kitu. Vituo vya daraja kubwa vikiongezwa hadi 400, na vikakutwa 8 vimekatwa, makadirio yanabaki 158 lakini shaka hushuka hadi kama 55. Hapo ndipo fedha za kazi hii zinapofaa kwenda, kwenye vituo vya ukaguzi, kuliko kununua picha kali za kuvutia wafadhili. Na kila hekta inayotangazwa itangazwe pamoja na shaka yake, hata kama msemaji wa ofisi ataona inaiharibu sentensi.

Ramani irudi Vanga na Jasini

Kabla ya takwimu kwenda popote, chapisheni ramani kwenye karatasi kubwa, yenye majina ya vijito yanayotumiwa na wenyeji, na muipeleke kwenye baraza za pande zote mbili. Waje wavuvi, wakata kuni, wanawake wanaookota chaza, na wale ambao hawapendi kuitwa wakata boriti. Toeni kalamu nyekundu na mkae kimya. Katika baraza moja mzee aliyekuwa amekaa nyuma aliamkiwa shikamoo na vijana wote wa timu, akaitikia, akasogea, akaweka kidole juu ya kipande tulichokipaka rangi ya msitu mzima, na akasema, "Hapa wanangu mmepaona kwa juu. Ingieni kwa chini." Kesho yake, maji yalipopwa, tuliingia kwa mtumbwi mdogo kupitia kijito kisichozidi mapana ya makasia mawili, na baada ya ukuta wa mikoko ya mbele tukakuta visiki vya mikandaa vilivyo vibichi bado, vimetapakaa chini ya kivuli.

Marekebisho ya kalamu nyekundu yapigwe picha palepale, yaandikiwe tarehe na kituo, na yaingizwe kama tabaka lake katika nakala zote mbili za data ndani ya mwezi mmoja, yakiwamo yale ambayo wataalamu hawakukubaliana nayo. Kisha panga tarehe ya picha ya mwaka unaofuata: bamvua la kwanza la Januari lenye anga safi.